Siku Kumi na Tatu za Kumlea Mtoto wa Mbwa

Nianze na aibu ili tuimalize mapema: siku yangu ya kwanza kazini nilimnywesha mtoto wa mbwa dawa ya vita. Wala haikuwa bahati mbaya. Nilipanda juu ya kinu, nikakitungua kibuyu kwenye kigingi alikokitundika mjomba wangu, nikaling'oa gunzi la mdomoni kwa meno, nikamimina. Nilikuwa na akili zangu zote, kama zilivyo.

Sasa nimestaafu. Utumishi wangu ulikuwa wa siku kumi na tatu, na najua wapo watakaosema siku kumi na tatu si kazi, ni homa. Hao hawajawahi kuamshwa na kiumbe kisichozidi unene wa gunzi. Tangu nistaafu, wadogo zangu wa chuoni wananijia na mbao zao za kusomea mkononi: "Kaka, mbwa wa kwetu kazaa, mmoja hanyonyi, tufanyeje?" Nimechoka kusimulia jambo lile lile huku Maalim akinitazama, ndiyo maana naliandika. Vyeo sitavitaja, kwa kuwa niliingia mlezi nikatoka mlezi. Ujira wangu ulikuwa makofi, na hata siku moja sikucheleweshewa.

Sisi tunakaa upande wa Mtunda, na shamba letu la mpunga liko bondeni, karibu na mto. Dada zangu wanne wameolewa Kibiti, nyumbani nimebaki mimi, wa mwisho, ambaye mama anasema alikuwa amechoka aliponipata. Shambani nguruwe ni wengi kuliko watu, kwa hiyo baba alifuga mbwa jike, akamwita Waache. Jina lile lilikuwa jibu kwa majirani waliokuwa wakimsema kwamba Mwislamu mzima anafuga mbwa. Waache hakuwahi kukanyaga uani kwetu. Aliishi huko huko shambani, chini ya dungu, kile kibanda cha miguu mirefu tunachokaa wakati wa kuamia ndege wasile mpunga, na kazi yake aliijua.

Halafu vita ikaja. Mwezi mmoja kabla ya kazi yangu kuanza, askari wa Mdachi walipita wakikusanya wanaume wa kubeba mizigo, na baba akawa wa tatu kwenye kamba. Sisi tumesimama kando ya njia, mama analia kimya kimya, baba akageuka. Tukanyoosha shingo tusikie. Akasema, "Waache akizaa, niwekee mmoja." Kamba ikavutwa, wakaenda.

Mama hajamsamehe mpaka leo. "Miaka ishirini na mitano ya ndoa," anasema, "na neno la mwisho ni la mbwa!" Lakini tangu siku ile kila asubuhi alikuwa akinituma shambani, ati nikaangalie mpunga. Nikirudi haulizi habari ya mpunga. Anauliza, "Tumbo lake limeshuka?"

Waache alizaa watatu. Wawili hawakutikisika hata mara moja. Wa tatu alikuwa na rangi ya majivu, masikio yamebandikwa kichwani, macho yamefungwa, mkia kama uzi uliosahauliwa na fundi. Mama yake alimlamba, akamsukuma kwenye chuchu. Yeye akaifikia, akafungua mdomo, akasahau kilichomleta. Mara tatu nilimwona akifanya hivyo. Baadaye Waache akashuka mtoni kunywa maji, na mamba wa Rufiji hana upande katika vita hii. Nilisikia maji yakipigwa mara moja tu.

Nikamtia mtoto kwenye pakacha, nikarudi nyumbani nikikimbia. Mama alinipokea mlangoni na mwiko mkononi.

"Kafa?"

"Bado."

"Mama yake?"

"Mamba."

Akashusha mwiko. "Wangapi wamebaki?"

"Huyu tu."

Mama akalitazama lile pakacha kwa mbali, kama mtu anayetazama nyoka ambaye amempenda. Akasema, "Asivuke kizingiti. Na asife." Nikamuuliza nianzie wapi. Akanijibu kwamba yeye si mbwa, hajui.

Hapo ndipo nilipokumbuka kibuyu.

Wakati ule habari ya maji ilikuwa katika kila kinywa. Watu walikuwa wakienda milimani, kwa Wamatumbi, wanarudi na dawa: maji yaliyosomewa, yenye punje za mtama na mafuta ya mbarika. Ukiyanywa na kujipaka, risasi ya Mdachi ikikufikia inageuka maji. Mjomba wangu Selemani, mdogo wake mama, anayekaa kwetu, alikwenda akarudi na kibuyu chake na miiko yake. Akitembea hageuki nyuma. Ukimwita kutoka mgongoni inabidi umzunguke kama mti. Yeye na wenzake wanne walikuwa wanangoja siku ya kuvuka mto.

Nikawaza hivi: dawa inayoyeyusha risasi itashindwa kuinua shingo ya mtoto wa mbwa? Bado naona swali lenyewe lilikuwa zuri. Nikamlaza chali kwenye kiganja, kama mtoto mchanga, nikammiminia. Nusu ikaingia, nusu ikatokea puani. Akapiga chafya. Nilifurahi, nikadhani ni dawa inafanya kazi. Nikamwekea mdomo wa kibuyu wenyewe alambe, halafu nikakirudisha kigingini, nikafuta mikono kwenye kanzu, nikakaa kungoja shujaa.

Wadogo zangu, mbarika ni mbarika hata ukiisomea. Haukupita muda, mtoto yule akatoa nyuma kila alichokuwa nacho, naye hakuwa na kitu. Akawa amelowa, mwili umepoa kama jiwe la mtoni. Nikawa namfuta kwa kushoto na kuomba dua kwa kulia, na mjomba akaingia uani.

Akanusa. "Nani kashika kibuyu changu?"

Ningesema uongo, uwezo ninao. Lakini nilikuwa nang'aa mafuta mpaka kwenye viwiko.

Nikaburutwa kwa sikio hadi kwa Maalim, mjomba akiwa na kibuyu mkono wa pili. Maalim alikuwa barazani, wanafunzi wote wamekaa, kwa hiyo kesi yangu ilisikilizwa mbele ya mahakama kamili. Ni vizuri kusema hapa kwamba Maalim hakuipenda ile dawa ya milimani tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa amemuuliza.

"Mbwa kalamba wapi?" akauliza.

"Mdomoni mwa kibuyu," nikasema.

"Ndani mna maji?"

"Maalim," mjomba akasema, "hii ni dawa ya vita, si maji ya udhu."

"Nimeuliza, mna maji?"

"Mna."

"Mengi au kidogo?"

"Kidogo."

"Basi ni najisi. Mwaga. Kibuyu kioshwe mara saba, mara moja kwa udongo." Akajifunika miguu vizuri kwa kanzu yake. Kwa jinsi alivyokuwa anaona raha, nilimwogopa. "Au unataka kwenda kupigana umejipaka najisi, na ukifa tukuoshe mara ngapi?"

Darasa zima likaangua kicheko. Nami nikacheka, na hilo likawa kosa. Maalim akanigeukia. "Na wewe! Usikanyage hapa mpaka mbwa huyo apone au afe. Sisomeshi watu wenye mate ya mbwa."

Mjomba akamwaga dawa yake nyuma ya nyumba. Akaosha kibuyu mara saba, na kila mara akiitaja kwa sauti ili nisikie. Alikusudia kurudi milimani kuchukua nyingine, lakini njia ilikuwa imefungwa na askari. Kesho yake wenzake wanne wakapita kumchukua, wakamkuta hana kitu. Hawakuweza kungoja. Mmoja akapiga kelele kutoka njiani: "Selemani! Basi kaa ulee mbwa!" Wakaenda wakicheka, na hakuna aliyegeuka nyuma. Mjomba hakusema nami kwa siku tano. Wakati ule niliona nimepumzishwa.

Mwalimu wangu wa kazi alikuwa Bibi Mwanahamisi, mkunga wa kijiji, aliyempokea kila mtu aliyeko huku, mimi, mjomba, hata Maalim, jambo ambalo Maalim hapendi likumbushwe. Alifika siku ya pili asubuhi. Alisema anapita tu. Nyumba yetu haiko njiani kwenda popote, kwa hiyo nadhani mama alikuwa amepita kwake kwanza. Alisimama hatua tatu kutoka kwangu, na hatua hizo tatu hakuzivunja mpaka mwisho. Alifundisha kwa fimbo.

"Mshike. Yukoje?"

"Baridi, Bibi."

"Baridi, na mkononi una maziwa?"

Nilikuwa nayo, ya mbuzi, kwenye kifuu.

"Basi unalisha maiti. Tumbo lililopoa limelala. Maziwa yakiingia humo yanaganda, na yeye anaganda nayo. Moto kwanza, chakula baadaye. Hata wewe ulizaliwa wa buluu, nikakutia kwapani mwa mama yako mpaka ukawa na rangi ya watu. Hukumbuki?"

Nikasema sikumbuki.

"Ndiyo maana huna adabu."

Basi andikeni hili la kwanza: chungu, mchanga uliopashwa juani au motoni, kitambaa juu yake. Mchanga uupime kwa shavu lako. Ukikuchoma wewe, utamwivisha yeye. Mtoto anakaa humo mpaka ndani ya mdomo wake, ukitia ncha ya kidole, pawe na joto. Mimi nilitumia kaniki kuukuu ya mama, niliyoiazima bila kumsumbua kwa kumwambia.

"Sasa mlaze umlishe," Bibi akasema.

Nikamlaza chali. Fimbo ikanifikia begani kwa umbali ambao sikutegemea.

"Umemwona mbuzi gani ananyonya anatazama mbingu? Tumbo chini! Kichwa juu kidogo! Ukimlaza hivyo yanakwenda mapafuni." Akaongeza maneno kwa Kindengereko ambayo siwezi kuyaandika nikiwa na udhu.

Zana ndiyo iliyotusumbua. Kifuu kilimzamisha. Jani la mgomba lililokunjwa lilimwaga kila mahali isipokuwa mdomoni. Nikajaribu bua la tete, nikawa navuta maziwa kwa mdomo wangu kisha namtemea kidogo kidogo, na siku hiyo mama alinifukuza uani na mwiko, nikakimbia nimembeba mtoto juu kama mtu anayevuka mto na mzigo. Siku nne zikapita hivyo, siku za matone. Anaingiza mawili, anatoa moja. Kila asubuhi nilimpima: yeye kiganja cha kulia, kiazi kitamu kiganja cha kushoto. Siku ya kwanza kiazi kilikuwa kizito kuliko yeye. Siku ya nne kiazi bado kilikuwa kizito, na nilishaanza kukichukia.

Na kila asubuhi mama akitoka, kabla hajasalimiwa, anauliza, "Kafa?" Nami najibu, "Bado." Mpaka majirani wakadhani Bado ndilo jina lake, nalo likawa jina lake.

Siku ya tano ikaja habari kutoka ng'ambo ya mto. Katika wale wanne waliokwenda bila mjomba, wawili walikuwa wamelala huko huko, na mmoja wao ni yule aliyepiga kelele njiani. Kumbe risasi zilibaki risasi. Mjomba alikaa mbele ya nyumba mchana kutwa, kibuyu kitupu kwenye mapaja, watu wakipita kumpa pole. Mimi nilikuwa pembeni na chungu changu, naupima mchanga kwa shavu.

Asubuhi yake nilikuta furushi la pamba kando ya chungu. Pamba safi, yenye mbegu zake. Mnajua ilikotoka. Ni shamba la akida, msimamizi wa Mdachi, lile tulilolazimishwa kulima sote, na watu walipochafukwa waling'oa miche wakaitupa. Pamba ile imetuvunja migongo na hatukuwahi kuiona ikimfaa mtu tunayemjua. Mjomba alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Sokota," akasema. Ndilo neno la kwanza baada ya siku tano.

"Nisokote nini, mjomba?"

"Utambi. Huna macho? Mtoto ana mdomo mdogo kuliko mdomo wa taa, na taa inakunywa."

Hii ndiyo zana, wadogo zangu. Toeni mbegu, sokoteni utambi unene wa kidole cha mwisho, si mgumu, si mlegevu. Uchovyeni kwenye maziwa ya vuguvugu, muuweke juu ya ulimi, muuminye taratibu kwa kidole gumba. Tone, ameze. Tone, ameze. Mkiona koo halisogei, simameni. Utambi wa jana msiutumie leo, unachacha. Na akimaliza kula kazi haijaisha. Kuna kazi nyingine ambayo hakuna aliyeniambia ipo mpaka tumbo lake lilipokuwa gumu kama ngoma. Mtoto wa mbwa hawezi kwenda haja mwenyewe. Mama yake humlamba. Nilimtazama Bibi Mwanahamisi kwa hofu kubwa.

"Kitambaa cha maji ya moto, mjinga wewe," akasema. "Pangusa."

Nikapangusa. Hiyo ilikuwa mara kumi kwa siku, na kila mara mimi ni wa kuoshwa. Mbwa mkavu na mkono mkavu haina neno, hilo tumelisoma. Lakini hakuna kilicho kikavu katika kazi hii. Mara sita kwa maji, mara moja kwa udongo, kila anapokula. Nilichimba udongo pale pale uani mpaka jirani akauliza kama tunachimba kisima. Mama akanitengea sahani yangu, mkeka wangu na kata yangu, nikawa nala peke yangu kwenye kona kama sultani aliyepinduliwa. Akinipa chakula anasukuma sahani kwa mti wa ufagio.

"Mama, mimi ni mwanao."

"Najua. Usisogee."

Siku ya nane Bado alikishinda kiazi. Nilitaka kumwonyesha kila mtu, nikamwacha Bado juu ya mchanga nikaenda kumwita mama, na niliporudi mjomba alikuwa amekichoma kiazi na kukila. Kumbukumbu zote za uzito zikaishia hapo. Hata hivyo macho yalianza kufunguka, kwanza la kushoto, akawa ananitazama kama mtu anayetilia shaka bei ya samaki.

Lakini Bibi hakufurahi. Alisimama kwenye hatua zake tatu akatikisa kichwa. "Anameza, hanyonyi. Kumeza ni juhudi yako. Kunyonya ni juhudi yake. Mpaka avute mwenyewe, usimweke katika walio hai. Na mbona halii?"

"Labda ana adabu."

"Mtoto anayelia anataka kuishi. Anyamazaye ndiye wa kuogopa."

Basi nikawa namwomba alie. Nilimfinya sikio. Nilimwekea utambi mtupu mdomoni ili akasirike. Nilimsomea sura zote fupi ninazozijua, kwa makosa. Alilala. Kila nilipotia kidole mdomoni, ulimi ulikaa tu, laini, kama jani kwenye maji. Siku ya kumi na mbili mama alipouliza, "Kafa?" nilijibu, "Bado," na nadhani sauti yangu ilikuwa imebadilika, maana alibaki amesimama pale, kisha akaenda jikoni akaanza kupiga vyungu.

Siku ya kumi na tatu tuliona moshi upande wa Dimani, kijiji cha jirani, asubuhi, jua limepanda kidogo. Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Askari wakija walikuwa wanachukua wapagazi, na wanamtafuta kila mwanamume aliyewahi kwenda milimani, na mjomba wangu alikuwa amewaambia watu wengi mno kwamba alikwenda. Tukakimbilia kwenye matete ya bwawani, mama na kikapu cha mbegu za mpunga, Bibi na fimbo yake, mjomba mikono mitupu, mimi na pakacha la Bado. Maziwa niliyasahau. Wadogo zangu, mkikimbia vita, maziwa kwanza.

Tulikaa humo, maji magotini, na nyuma yetu jirani na watoto wake watatu aliowaziba midomo kwa kanga. Jua likapanda juu kabisa. Bado hakuwa amekula tangu alfajiri. Nikamtoa kwenye pakacha nikamweka tumboni, ndani ya kanzu, nikamsikia jinsi alivyo mwepesi.

Askari wakaja wawili, wakasimama ukingoni, kama hatua kumi kutoka tulipo. Mmoja akaketi akaanza kujitoa mwiba.

"Nchi gani hii," akamwambia mwenzake. "Usipokanyaga mwiba, umekanyaga tope. Usipokanyaga tope, umekanyaga mtu."

"Toa mwiba twende."

"Umevunjikia ndani. Nipe kisu."

Na hapo, baada ya siku kumi na tatu za kubembelezwa, kufinywa na kusomewa, Bado akafungua mdomo akalia.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mlango wenye bawaba kavu. Yule mwenye mwiba akainua kichwa.

"Nini hiyo?"

"Ndege."

"Ndege gani analia hivyo?"

Bado akavuta pumzi. Nilimsikia akiivuta. Nikamziba kwa kiganja, akajinyonganyonga, akaanza kukoroma, nikamwachia. Mjomba akanyoosha mkono mbele yangu, kiganja wazi.

"Nipe," akasema bila sauti, kwa midomo tu.

Ule ni mkono uliovunja shingo za kuku wengi. Nilitikisa kichwa. Nyuma yetu jirani akatoa mkono mmoja kwenye mdomo wa mwanawe, akaunganisha vidole kuniomba. Nikawatazama wale watoto watatu, macho yao juu ya kanga. Nikamtoa Bado ndani ya kanzu. Sitasema uongo hapa, ingawa ningependa: nilimtoa.

Ila mkono uliofika kwanza haukuwa wa mjomba.

Mama hakuwa amemgusa mbwa tangu azaliwe. Waache alikaa nasi miaka sita na mama hakuwahi kusimama kwenye kivuli chake. Alimchukua Bado kutoka mikononi mwangu, akamgeuza tumbo chini juu ya mkono wake, kichwa juu kidogo, sawasawa kabisa, kama mtu aliyekuwa akichungulia mlangoni siku zote kumi na tatu. Akamtia kidole chake cha shahada mdomoni, mpaka kifundo cha kwanza. Akamwinamia sikioni, akasema, "Shh."

Bado akanyamaza.

Nikaona koo likisogea, na hapakuwa na tone. Nikaona mashavu yakiingia ndani. Miguu ya mbele ikapanda, ikaanza kusukuma kiganja cha mama, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekanda unga. Alikuwa anavuta. Kidole cha mama kilikuwa kinakwenda na kurudi kwa nguvu za yule mtoto, na mama akakitazama macho yamemtoka. Bibi Mwanahamisi, aliyekuwa hatua tatu mbali, akazivunja hatua zake, akasogea hatua moja kuona vizuri.

"Ndege," yule wa kisu akasema tena. "Simama, tunaachwa."

Walikwenda, mmoja akichechemea. Tulingoja mpaka watoto wa jirani walipoanza kupiga chafya, ndipo tukatoka. Kijijini walikuwa wamechukua kuku na kuchoma nyumba mbili. Yetu ilikuwa imesimama. Mbuzi wa Bibi, yule tuliyemkamulia Bado maziwa, alikuwa juu ya kichuguu, anatafuna, hana habari.

Mama hakwenda nyumbani kwanza. Alichutama ukingoni, Bado kwenye mkono wa kushoto, akachovya wa kulia majini. Akakiosha kile kidole mara moja, mara mbili, akachota tope akakisugua, akaendelea mpaka saba, sote tumesimama tunamtazama. Alipomaliza akainuka. Nikanyoosha mikono nimpokee mtoto, maana ndiyo kazi yangu.

Mama akamvuta ndani ya upindo wa kaniki yake, akasema: "Mikono yako baridi. Nimelea watoto watano, na huyu ndiye wa kwanza kunyamaza nilipomnyamazisha. Wewe kesho rudi chuoni. Huyu nitampa baba yako kwa mkono wangu, nina maneno naye."